Bwana Sikio na Mgomba Ambao Haukuzikwa

Nikiwa mdogo kabisa, meno ya mbele hata hayajang'oka, nilikuwa na mtoto wa mgomba. Nyinyi wenzangu mliokulia Uvira mnamjua mtoto huyo. Unachukua kipande cha shina la mgomba, unene wake kama mkono wa mtu mzima, unakivika kitambaa, juu unachana nyuzi zinakuwa nywele, unasuka. Wangu nilimwita Mapendo. Nilimbeba mgongoni, nikamnyonyesha, nikamchapa eti amekojoa. Lakini mgomba ni maji matupu. Siku zikapita kidogo, Mapendo akaanza kulegea, akatoa harufu ya uchachu, nzi wakawa wanamfuata. Nikaona huyu amekufa, na mtu akifa anazikwa. Nikachimba nyuma ya jiko kwa kijiko, nikamlaza, nikamwimbia wimbo wa kanisani, ule mmoja niliokuwa naujua nusu.

Bibi yangu, mama yake baba, akanikuta namfukia. Bibi hakuwa mtu wa kupiga watoto. Siku hiyo alinivuta mkono mpaka bega likaniuma, akamfukua Mapendo kwa vidole vyake mwenyewe, akamtupa mbali kwenye mitete, kisha akakaa chini anahema. Mimi nilifikiri amekasirika kwa sababu ya kijiko, maana kilikuwa chake cha kugawia mchuzi. Nilikaa muda mrefu nikijua kosa langu lilikuwa kijiko.

Kwa wale ambao hawajui, kwetu mtu akifia mbali na mwili wake usionekane, familia inakata mgomba, inaufunga shuka, inaulilia, inauzika badala yake. Ukishauzika, basi. Mke ananyolewa, vitu vinagawanywa, na hata mwenyewe akija akibisha hodi hafunguliwi, kwa sababu yule anayebisha ni mzimu. Ndiyo maana bibi alihema vile. Mgomba hauzikwi kwa mchezo.

Sasa mtaniuliza, mama mzima na magoti mabovu, kilichokukumbusha Mapendo ni nini. Ni televisheni. Hapa ng'ambo, Guildford tunapokaa, halmashauri ikitangaza clean-up, watu wanatoa barabarani kila wasichokitaka: makochi, magodoro, baiskeli za watoto ambao siku hizi wanaendesha gari. Nilikuwa natembea kwenda Merrylands kutafuta unga wa muhogo, nikakuta kwenye majani televisheni ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa. Nikainama, nikaweka pua kwenye matundu ya nyuma. Jirani yangu Mlebanoni akaniuliza kama nataka anisaidie kuibeba. Nikamwambia hapana, nainusa tu. Akanitazama, akaingia ndani. Shauri yake. Ile harufu ya vumbi lililowahi kuchomwa na moto wa taa ilinirudisha moja kwa moja kwenye ua wa Tajiri.

Tajiri ndilo jina tulilomwita. Alikuwa na duka la vitenge, na nyuma ya duka alikuwa na ua wa mabati, na ndani ya ua jenereta, na mbele ya jenereta televisheni na mashine ya kanda. Jumapili mchana, tukitoka kanisani, tulijaa humo kama sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye ungo. Sijui alipata wapi kanda zake, lakini zote zilikuwa za mchezo mmoja, wa mpelelezi mmoja. Mpelelezi wa kujitegemea, si polisi. Mtu anakwenda kwake anasema nimeibiwa, mke wangu ametoroka, ndugu yangu ameuawa, na yeye anavaa kofia yake anatoka.

Na sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Tulizoea kwamba shujaa ana kifua, ana bastola, anaruka ukuta. Huyu alikuwa mrefu mwembamba kama mti wa kuangulia mapapai, koti limemning'inia, mbwa akibweka anapanda juu ya kiti. Bastola hakuwa nayo. Gari hakuwa nalo, alipanda baiskeli, na baiskeli ilimwangusha. Chai aliiwekea sukari mpaka kijiko kinasimama. Tena alikuwa kiziwi wa sikio moja. Kila akiongea na mtu alikuwa anaweka kiganja nyuma ya sikio, anainamisha kichwa, na Shabani anasema: "Rudia, sikusikia." Mwizi anarudia. Na katika kurudia anajikwaa, anasema kingine, anakamatwa. Tulimwita Bwana Sikio, na hakuna shujaa wa kifua tuliyempenda namna ile.

Shabani alikuwa nani? Shabani alikuwa fundi wa kuziba matairi ya baiskeli, na Jumapili alikuwa mfasiri wetu. Kanda zilisema Kiingereza, na sisi wa Uvira hata Kifaransa tulikijua kwa kuombea ruhusa ya kwenda chooni tu. Mimi mwenyewe shule niliishia darasa la tatu. Shabani alisema Kiingereza alikipata kwenye meli za kushuka mpaka Zambia. Alisimama kando ya televisheni na kafimbo kake, akawasemea wote: mwizi kwa sauti nzito, mwanamke kwa sauti ya pua, na Bwana Sikio kwa sauti ya taratibu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Mwizi akikimbia, Bwana Sikio anamwambia, "Kimbia tu, nakujua mpaka kwenu Kavimvira." Tulicheka mpaka Tajiri anakuja kutazama kama mabati yake yapo.

Mimi sikucheka kwa ajili ya Kavimvira, mtaa wa hapohapo Uvira. Mimi niliamini. Nilijua Bwana Sikio anakaa mle ndani ya sanduku, kwamba anatuona, anawajua watu wetu, na kwamba Shabani ndiye mtu pekee anayesikilizana naye. Msinicheke. Na nyinyi mliamini mtangazaji ni mtu mdogo anayelala ndani ya redio.

Baba yangu alikuwa seremala. Alipanda milimani kwenye machimbo ya dhahabu kwenda kuwawekea watu nguzo za mashimo, akasema atarudi mvua zikikatika. Mvua zikakatika, zikanyesha tena, zikakatika. Mama aliacha kuvaa kitenge chake kizuri. Bibi aliacha kuuliza. Ndipo baba mdogo, Lukasi, akaja nyumbani na mtu anaitwa Petro, aliyekuwa ametoka hukohuko machimboni. Petro akakaa kwenye kiti cha baba, akasema shimo lilimfukia seremala siku ya mvua kubwa, kwamba yeye mwenyewe alichimba kwa mikono asimpate.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, nisimseme vibaya wakati hayupo. Miezi yote ile samaki tuliokula walitoka kwake. Lakini pia alikuwa na jicho kwenye randa na misumeno ya baba, na kwenye kiwanja. Vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja, nimeshaona. Akasema ndugu yake hawezi kuachwa bila matanga kama mbwa. Wazee wakakubali. Jumatatu mgomba utakatwa.

Mimi nikakumbuka Mapendo. Nikakumbuka mkono wa bibi. Nikaelewa kwamba Jumatatu baba atafungiwa mlango, na akija nitamsikia anabisha na hakuna atakayenyanyuka.

Jumamosi nikaenda kwa Shabani. Alikuwa amezamisha mpira wa baiskeli kwenye beseni, anatafuta mapovu.

"Kaka Shabani," nikamwambia, "mwambie Bwana Sikio baba yangu amepotea."

Hakucheka. Hata kichwa hakuinua. "Amepotea au amekufa?"

"Wanasema amekufa. Wanazika mgomba."

"Mwili nani ameuona?"

"Hakuna."

"Na huyo aliyeleta habari, ameieleza mara ngapi?"

"Mara moja. Halafu wamelia."

Povu likatoka kwenye mpira. Akaliwekea kidole, akaniangalia. Akasema Bwana Sikio hawezi kutoka, mlango wake ni mdogo. "Lakini kumuuliza," akasema, "nitamuuliza."

Jumapili ukoo mzima ulikuwa uani kwa Tajiri, maana matanga ni kesho na leo ni leo. Bibi alikaa mbele kabisa, kwa sababu yeye naye masikio yalikuwa yamechoka, moja limezima kabisa. Kwenye televisheni Bwana Sikio alikuwa sebuleni kwa mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeusi, nywele zake za rangi ya mahindi, na pembeni ya mwanamke bwana mmoja wa masharubu. Wanakunywa chai. Mnamjua na sukari yake.

Shabani akafungua mdomo, sauti ile ya taratibu. "Mama, kwanza usinyolewe."

Watu wakacheka, nani atanyoa nywele nzuri zile. Shabani akaendelea. Bwana Sikio akasema huyu mwenye masharubu ametuambia mumeo amekufa, na mimi sikio langu moja ni bovu, basi arudie. Mwenye masharubu akarudia: siku ya mvua kubwa. Bwana Sikio akaweka kiganja nyuma ya sikio, hakusikia. Mwenye masharubu akarudia: jua lilikuwa kali. Uani kicheko kikaanza kupungua, kama maji yanayoingia mchangani.

"Mtu aliyeona kwa macho yake," Bwana Sikio akasema, "ukimrudisha mara mia anakuja na kitu kilekile. Aliyesikia kwa watu, kila akija kimevaa nguo nyingine. Mgomba hauna mdomo, mama. Muulizeni mwenye mdomo."

Hakuna mtu aliyeuliza mgomba umefikaje kwa Wazungu. Baba mdogo aliangalia viatu vyake. Petro hakuwepo, alikuwa kwenye pombe. Bibi akamvuta mama kitenge, akamuuliza amesema nini huyo, na mama akamnong'oneza yote kwenye sikio lililobaki. Niliona mgongo wa bibi unanyooka.

Kesho yake mgomba ulikatwa. Uliletwa uani kwetu, ukafungwa shuka jeupe, na ulikuwa mrefu kama baba, waliupima na mlango. Shimo lilikuwa tayari. Desturi inataka aliyeleta habari aieleze mbele ya watu kabla ya kuzika. Petro akasimama, akaeleza mvua, akaeleza shimo. Wanawake wakavuta pumzi ili waanze kulia. Na bibi, pale chini alipokaa kwenye mkeka, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Rudia, baba. Sikusikia."

Watu walisema tu bibi huyu ni kiziwi kweli, hebu rudia. Petro akarudia. Safari hii vumbi lilikuwa jingi, hawakuonana. Mzee mmoja akauliza vumbi la mvua ni la namna gani. Bibi akasema tena, kwa upole kabisa, hajasikia. Petro akageukia huku na huku. Mtoto mmoja kwenye ua akasema "Bwana Sikio" na mama yake akamziba mdomo. Petro akaanza upya, akafika katikati, akakaa chini kwenye udongo wa shimo akalia. Shimo la machimboni liliporomoka, akasema, hiyo ni kweli. Yeye alikuwa sokoni. Waliofukiwa hakuwaona. Aliambiwa seremala, na maseremala walikuwa wengi. Lukasi alikuwa amemkaribisha vizuri, akaona aibu kusema hajui.

Bibi akanyanyuka, akapangusa kitenge. "Toeni mgomba wangu hapo," akasema. "Wapeni nguruwe wa jirani. Shuka nirudishieni, nalilalia."

Nguruwe wakala. Matanga ya baba yangu yakaliwa na nguruwe, na mama alicheka siku hiyo nikasikia sauti niliyokuwa nimeisahau.

Ngoja nimalize ya baba kabisa, najua kuna watu hawawezi kuvumilia. Alirudi. Tulikuwa tumeshavuna muhogo na kuuloweka, harufu yake imejaa uani, akaingia mtu mwenye ndevu, amekonda, vidole viwili vya mkono wa kushoto hana. Gogo lilimponda, akalala hospitali ya misheni muda mrefu hajitambui, na aliyetumwa kutuambia hakufika. Mimi nilikimbilia ndani kujificha. Alisema, "Mama, nimerudi." Bibi alikuwa anamenya, hakuacha kisu. Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Baba akasema tena, kwa nguvu zaidi, nimerudi. Bibi akasema hajasikia. Alimrudisha hivyo mpaka baba sauti ikakatika, na uso wa bibi ulikuwa umelowa wote, na alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Baada ya hapo baba aliishi sana. Kiti hiki ninachokalia hapana, hiki ni cha duka la Penrith, lakini kile cha kwanza nilichoolewa nacho alikitengeneza yeye na vidole vyake vinane.

Mengine mnayajua, na nyinyi mlipita njia hiyohiyo: vita, ziwa, kambi ya Tanzania ambako Kiswahili changu kilinyooshwa kidogo, halafu ndege. Binti yangu siku hizi anafanya kazi ya kuangalia wazee, anapanda treni giza halijatoka. Mimi nabaki na Neema, mjukuu wangu. Neema anasikia Kiswahili chote, hata kile cha kumsengenya, lakini kujibu anajibu Kiingereza, ila neno Koko, yaani bibi, hilo halijamtoka.

Juzi, shule zimefungwa, tumekaa kochini, Neema anatafuta kitu cha kutazama, mara nikaona koti linaning'inia. Nikamshika mkono. Kofia ileile. Baiskeli. Kuna chaneli ya hapa inayoonyesha michezo ya zamani mchana, ya wazee wasiolala, na humo, jamani, alikuwemo Bwana Sikio. Nilisimama. Magoti haya yalisimama yenyewe.

Sikuwahi kuisikia sauti yake. Nilipokuwa mtoto Shabani aliifunika. Nikaisikia sasa, nyembamba, ya haraka haraka. Nikamwambia Neema nifasirie. Akafasiri, Kiingereza kidogo, Kiswahili kidogo, mikono mingi. Bwana wa masharubu akaja. Mwanamke wa nywele za mahindi akaja, chai ikaja. Nikaisogelea televisheni. Bwana Sikio akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Hapo," nikasema. "Hapo anasema rudia, sikusikia. Kwa sababu ni kiziwi."

Neema akanitazama. "No, Koko. He's not deaf." Akanieleza kwamba huyo mtu zamani alikuwa anatengeneza piano, kwamba masikio yake ni makali kuliko ya watu wote, anasikia mpaka saa ya ukutani ikichelewa. Kiganja kile ni cha kusikia zaidi. Na hapo alipo, akasema, hajauliza habari ya kifo chochote. Mwanamke amepoteza mkufu. "He just wants more sugar."

Sukari. Nikakaa. Neema akaogopa, akaniuliza kama nataka maji. Kumbe nilikuwa nacheka, nacheka na machozi, mtoto wa watu hajui ampigie nani simu. Shabani hakujua Kiingereza. Hata kidogo. Jumapili zote zile, wezi wote wale, Kavimvira, sauti ya taratibu, "mama usinyolewe", vyote alivitoa kwenye kichwa chake, amesimama na kafimbo mbele ya midomo isiyomwambia kitu. Nikamwambia Neema azime sauti. Akazima. Nikaanza kumsimulia mimi, midomo inavyokwenda, na yeye akaweka miguu juu ya kochi akasikiliza, na mwizi alipokimbia nikampeleka Kavimvira. Neema akacheka. Kesho yake akaja mwenyewe, "Koko, do the ear man." Ndiyo kazi yetu mpaka shule zifunguliwe.

Nimebaki na habari za Shabani tu.

Jumapili iliyofuata ule mgomba wa nguruwe, niliwahi uani kwa Tajiri. Baba mdogo alikuwa ameshafika kwa Tajiri katikati ya wiki, alilosema silijui. Nilimkuta Tajiri amesimama na Shabani kando ya jenereta, bado halijawashwa, kwa hiyo nilisikia. Tajiri hakupiga kelele. Alisema yeye anauza vitenge kwa ukoo wa kila mtu, hataki televisheni yake iingie kwenye matanga ya watu. Shabani aseme yale yanayosemwa mle ndani na asiongeze hata neno. Leo hii aahidi, au aache.

Shabani akaitazama ile televisheni, kioo cheusi, na sasa ndiyo naelewa alikuwa anatazama nini. Angeahidi kusema yale yanayosemwa, angesema nini? Akalaza kafimbo kake juu ya sanduku, taratibu, kama anamfunika mtoto. Akachukua pampu yake ya baiskeli akaitia kwapani, akatoka.

Wiki ile ile Bwana Sikio akawa hajui Kiswahili tena. Nilidhani ameugua.

Lakini siku hiyo nilimkimbilia Shabani barabarani. Nilimfikia kwenye bomba la maji. Nilikuwa na swali langu, kwa sababu mgomba ulikuwa umeliwa lakini baba alikuwa hajaja.

"Kaka Shabani, baba atarudi?"

Akageuka. Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainamisha kichwa. "Rudia, sikusikia."

"Baba atarudi?"

"Sikusikia."

Wanawake wa bombani walikuwa wanatutazama. Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, na safari hii sikuuliza. Nilimwambia.

"Baba atarudi."

"Haya," akasema Shabani. "Sasa nimesikia."

Akaiweka pampu vizuri kwapani, akashika barabara ya kwenda Kalundu kwenye meli, hakuharakisha, hakugeuka nyuma. Hakurudi.